Shilingi Mkononi mwa Mtoto

Mazungumzo ya redio kwa wazazi na walimu wa Shule ya Jumapili
Masomo: Kumbukumbu la Torati 6:4-9, 20-21, Luka 15:11-32

Nakusalimu wewe mama uliye jikoni ukitayarisha chai ya watoto, nawe baba uliyetega sikio kwenye redio kabla ya kutoka kwenda kazini. Nawasalimu pia akina babu na nyanya, maana wengi wenu siku hizi ndio mnaolea wajukuu. Karibuni tukae pamoja kwa dakika hizi chache.

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo halitajwi mara nyingi mimbarani, nalo ni mtoto na pesa. Sisemi juu ya karo wala sare za shule. Nauliza hivi: mtoto wa miaka minne, sita au minane atafundishwa vipi kwamba pesa zina mwisho, na kwamba kila shilingi inayotumika ni uchaguzi uliofanywa? Tena atafundishwa na nani? Ikiwa nyumba yake haikumfundisha, na kanisa lake halikumfundisha, yuko mwalimu mwingine anayemngoja barabarani, na mwalimu huyo hafundishi bure.

Labda mmoja wenu atasema, "Mtoto mdogo na pesa ni wapi na wapi? Mwache acheze." Ndugu yangu, tazama hali ilivyo. Zamani mtoto aliziona pesa kwa macho yake. Alimwona baba akihesabu mshahara mezani na kuugawa: hizi za karo, hizi za unga, hizi za sadaka. Alimwona mama akifungua fundo la leso, akitoa shilingi mbili, na kulifunga tena. Hakuna aliyemhubiria, lakini alijua kwamba fundo lile lina mwisho.

Tangu mwaka wa 2007, M-Pesa ilipoanza hapa Kenya, pesa nyingi za nyumbani zimehamia ndani ya simu. Jambo hili ni msaada mkubwa, wala sililaumu. Mama aliye kijijini hupokea pesa saa ile ile mwanawe aliye mjini anapozituma. Lakini tazama jinsi mtoto anavyoona. Mama abonyeza simu, na unga waja. Abonyeza tena, na stima yawaka. Kwa macho ya mtoto, simu haina mwisho. Ndiyo maana ukimwambia kwamba hakuna pesa, hakuamini. Simu si bado unayo mkononi?

Na simu hiyo hiyo ndiyo itakayomletea kamari na mikopo akiwa mkubwa. Twazijua nyumba ambamo kijana alitia karo ya chuo katika kamari ya mpira, akaipoteza usiku mmoja. Twawajua waliokopa kwa simu ili walipe mkopo mwingine wa simu. Wahenga walisema kukopa ni harusi, kulipa ni matanga, na matanga hayo yameingia hata katika nyumba za waumini. Tukimlaumu kijana huyo, na tujiulize pia: kabla ya kukabidhiwa karo ile, ni mara ngapi aliwahi kukabidhiwa shilingi kumi na kuachwa achague?

Sasa tuligeukie Neno la Mungu. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6, Musa awaagiza Waisraeli wayaweke maneno ya Mungu mioyoni mwao, kisha wawafundishe watoto wao. Wapi? Wakiwa wameketi nyumbani, wakitembea njiani, wakilala na wakiamka. Darasa hilo halina ubao wala madawati. Lafanyika hapo ulipo sasa, karibu na sufuria ya chai.

Endelea hadi aya ya 20. Musa asema kwamba siku moja mtoto atamwuliza babaye maana ya amri hizi zote. Je, baba ajibu nini? Aya ya 21 yatuonyesha. Baba aanze kumsimulia jinsi walivyokuwa watumwa wa Farao kule Misri, na jinsi Bwana alivyowatoa kwa mkono wenye nguvu. Mtoto ameuliza juu ya sheria, na baba amjibu kwa habari ya mambo yaliyotukia. Kwanza asikie hadithi, kisha ataielewa sheria.

Bwana wetu alifuata njia hiyo hiyo. Mtu mmoja alimjia akitaka amwamuru nduguye wagawane urithi. Habari hiyo iko katika Luka sura ya 12. Yesu alikataa kuwa mwamuzi wao, akawasimulia habari za tajiri aliyetaka kubomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi, naye akafa usiku ule ule. Alisimulia juu ya mwanamke aliyewasha taa na kufagia nyumba nzima akitafuta sarafu moja. Alisimulia juu ya vibarua wa shamba la mizabibu waliolipwa dinari moja kila mtu, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku moja. Waliomsikiliza walikuwa wakulima, wavuvi na vibarua. Mambo ya ujira, madeni na mavuno waliyajua vizuri.

Je, hadithi ina nguvu gani? Kumbuka nabii Nathani katika 2 Samweli sura ya 12. Daudi alikuwa amemchukua mke wa Uria na kumfanya Uria auawe. Nathani alipofika mbele ya mfalme hakuanza kwa mashtaka. Alimsimulia habari za maskini aliyekuwa na mwana-kondoo mmoja tu, aliyekula sahani moja naye na kulala kifuani pake, na za tajiri aliyemchukua mwana-kondoo huyo ili amchinjie mgeni. Daudi akawaka hasira, akatoa hukumu. Alikuwa amekwisha kuchagua haki kabla ya kujua kwamba mwenye makosa ni yeye.

Mtoto naye yuko hivyo. Ukimwambia, "Wewe ni mlafi," atalia au atajitetea. Lakini msimulie habari za fisi, na yeye mwenyewe atapaza sauti, "Fisi alikuwa mjinga!" Hukumu hiyo ameitoa kwa kinywa chake, na sheria aliyojiwekea mtu mwenyewe haisahau upesi.

Basi, wapenzi, nataka niwape hadithi tatu za kuwasimulia watoto wenu juma hili.

Hadithi ya kwanza ni ya fisi. Wengi wetu tuliisikia kwa nyanya zetu, kila mmoja kwa lugha ya kwao. Fisi alikuwa akitembea usiku akiwa na njaa. Akasikia harufu ya nyama, akaifuata mbio. Alipofika njia panda, alisikia harufu ya nyama ikitoka upande wa kulia, na harufu nyingine ya nyama ikitoka upande wa kushoto. Akapiga hatua mbili kulia, akarudi. Akapiga hatua mbili kushoto, akarudi.

Nyamaza hapo! Usiimalize hadithi. Mwulize mtoto, "Ungekuwa wewe, ungefuata njia gani?" Mmoja atasema kulia, mwingine kushoto. Wakubalie wote wawili, maana kila njia ilikuwa na nyama. Kisha endelea. Fisi alisema moyoni, "Nitazifuata zote mbili." Akaweka miguu ya kulia katika njia ya kulia, na miguu ya kushoto katika njia ya kushoto, akaanza kwenda. Njia zilizidi kuachana, naye akazidi kutanuka, mpaka akapasuka katikati. Ndipo watu wakasema, njia mbili zilimshinda fisi.

Kesho yake, ukienda dukani na mtoto, mpe shilingi kumi mkononi. Atataka andazi, atataka na peremende, atataka na penseli yenye rangi. Usimgombeze. Mwinamie umwambie pole pole, "Mwanangu, sasa uko njia panda." Atakumbuka. Shilingi ile yaweza kuwa andazi, au yaweza kuwa penseli, lakini haiwezi kuwa vyote viwili. Akichagua andazi, ajue kwamba ameiacha penseli. Elimu kubwa ya pesa imo katika jambo hilo dogo, na wako watu wazima wenye digrii ambao hawajaipata bado.

Hadithi ya pili ni ya Esau, nayo yafundisha kungoja. Iko katika Mwanzo sura ya 25. Esau alirudi kutoka porini akiwa amechoka na njaa imemshika. Akamkuta nduguye Yakobo amepika dengu. Yakobo akamtaka amwuzie haki yake ya mzaliwa wa kwanza. Hiyo haikuwa heshima ya jina tu. Twasoma katika Kumbukumbu la Torati 21:17 kwamba mzaliwa wa kwanza alipewa sehemu mbili za urithi.

Nyamaza tena hapo, Yakobo akiwa ameshika bakuli na mvuke ukipanda. Mwulize mtoto maswali mawili. La kwanza, "Dengu zile zingemshibisha Esau mpaka lini?" Mtoto atajibu, mpaka jioni, au mpaka asubuhi. La pili, "Na urithi wa baba yake ungedumu mpaka lini?" Mwache afikiri. Hatumfundishi kwamba njaa ni dhambi. Tena mwambie wazi kwamba Yakobo naye hakufanya vema kumwekea nduguye mwenye njaa bei kubwa namna ile. Tunalotaka aone ni kwamba Esau alitazama bakuli asiione kesho.

Ukitaka kumwonyesha mtoto mtu aliyeiona kesho, msimulie habari za Yusufu katika Mwanzo sura ya 41. Yusufu alimshauri Farao watenge sehemu ya tano ya mavuno katika ile miaka saba ya shibe. Chukua punje za mahindi uziweke mezani tano tano, mafungu saba. Kila fungu ni mwaka mmoja. Mwambie mtoto atoe punje moja katika kila fungu na kuitia kikombeni. Kisha zile nyingine ziondoe mezani, umwambie, "Sasa njaa imeingia Misri. Tuna nini?" Mtoto atachungulia kikombe na kuhesabu punje saba. Haba na haba hujaza kibaba, naye ameona kwa macho yake kibaba kikijaa.

Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumelea mtoto mchoyo. Yule tajiri wa ghala naye aliweka akiba, na Bwana alimwita mpumbavu kwa sababu alijiwekea nafsi yake tu. Kwa hiyo hadithi ya tatu ni ya kutoa.

Msimulie mtoto habari za yule kijana mdogo katika Yohana sura ya 6. Watu wapata elfu tano walikuwa na njaa, naye alikuwa na mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Shayiri ulikuwa mkate wa maskini. Nyamaza, umwulize, "Ungekuwa wewe, ungempa Yesu yote, ungempa nusu, au ungejificha nyuma ya mti ule peke yako?" Usishtuke akisema atajificha. Mshukuru kwa kusema kweli. Kisha endelea, mpaka kwenye vikapu kumi na viwili vya mabaki.

Hapa nina neno kwetu sisi wazazi. Jumapili asubuhi, mlangoni mwa kanisa, wengi wetu twatia sarafu katika kiganja cha mtoto na kumwambia, "Hiyo ni sadaka." Mtoto aipeleka mpaka kwenye kikapu kama tarishi apelekavyo barua ya mtu mwingine. Hajatoa kitu, ila amebeba sadaka yako. Mpe pesa zake Jumamosi jioni. Azilaze chini ya mto, aziwazie. Asubuhi achague mwenyewe ni ngapi zitakwenda kikapuni. Labda Jumapili ya kwanza atatoa shilingi moja, na ya pili asitoe kitu. Vumilia. Siku atakapotoa shilingi tano kwa moyo wake, utaiona furaha usoni pake, na furaha hiyo haiwezi kutiwa kiganjani na mtu mwingine.

Tena tuwe waangalifu tusimfundishe mtoto kwamba sadaka ni biashara na Mungu, kwamba ukitia kumi utapata mia. Somo hilo ni binamu wa kamari. Yule mjane wa Marko sura ya 12 alitia sarafu mbili ndogo, nayo ndiyo yote aliyokuwa nayo. Hatusomi popote kwamba alirudishiwa maradufu alipofika nyumbani. Twasoma tu kwamba Bwana alimwona na kumsifu. Na aya chache kabla ya hapo, Bwana alikuwa amewalaani wale wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Mtoto ajue kwamba tunatoa kwa sababu Mungu alitupa kwanza.

Sasa twaja kwenye hadithi kubwa kuliko zote, nayo ni ya kwetu wazazi. Ni hadithi ya mwana mpotevu katika Luka sura ya 15. Kwa kawaida twamtazama mwana. Leo tumtazame baba.

Walikuwa ndugu wawili. Kwa sheria ile tuliyoitaja, mkubwa alistahili sehemu mbili kati ya tatu, na mdogo sehemu moja. Mdogo akaidai sehemu yake baba akiwa hai. Hapa kwetu twalielewa jambo hilo bila kuelezwa. Ni kijana anayedai agawiwe shamba wakati mzee angali analima, kisha aliuze, anunue pikipiki, na katika mwaka mmoja shamba halipo na pikipiki haipo. Baba yule alimpa mwanawe. Huenda aliona mbele yatakayotokea, lakini alimwachia achague.

Mwana akaenda nchi ya mbali, akatapanya yote, njaa ikaingia, akatamani chakula cha nguruwe. Je, baba alifanya nini wakati huo? Soma sura yote. Hatusomi kwamba alimtuma mtumishi kumpelekea pesa. Hatusomi kwamba alimlipia madeni. Mwana aliachwa ajifunze njaa inafundisha nini, na ilipomfundisha alizingatia moyoni mwake, akaondoka, akarudi.

Hapo ndipo wazazi wengi tunaposhindwa. Mtoto amepewa shilingi ishirini Jumamosi. Kufika saa nne zote zimekwisha kwa peremende. Saa kumi aona wenzake wananunua mpira wa kuchangia, naye hana kitu, aanza kulia. Machozi ya mtoto ni mazito, twayajua. Mkono waingia mfukoni wenyewe. Ukimwongezea saa ile, utakuwa umemfundisha kwamba mfuko hauna mwisho, na kwamba anayelia hulipiwa. Akifika miaka thelathini atakuletea machozi yale yale na deni la maelfu. Mwache alie leo. Afadhali apoteze shilingi ishirini akiwa na miaka sita kuliko apoteze shamba la babu yake akiwa na miaka thelathini.

Lakini msikilizaji, usiishie hapo, maana hadithi haikuishia hapo. Baba yule hakutuma pesa, lakini alikuwa akitazama njia. Alimwona mwanawe akali mbali, akamhurumia, akapiga mbio. Mzee mzima akakimbia! Akamkumbatia na kumbusu. Wala hakutamka lile neno tunalolipenda sana sisi wazazi: "Si nilikuambia?" Neno hilo hatulisikii kinywani mwa baba yule. Basi mtoto aliyemaliza pesa zake kwa peremende mwache akose mpira, lakini mkalishe karibu nawe, umpanguse machozi, umwambie, "Jumamosi itakuja tena. Utachagua tena." Pesa zimekwisha, lakini upendo wa nyumbani haukwisha. Mtoto akijifunza mambo hayo mawili pamoja, amejifunza Injili.

Tena yuko yule ndugu mkubwa. Yeye hakutapanya hata senti. Alifanya kazi kila siku, lakini hakuweza kumfurahia nduguye, akalalamika kwamba hajapewa hata mwana-mbuzi. Waweza kumlea mtoto mwenye akiba nyingi na moyo mkavu kama kifuu. Baba akatoka nje kumsihi aingie. Je, aliingia? Bwana Yesu hakutuambia. Alinyamaza pale pale, njia panda, ili kila msikilizaji ajibu mwenyewe. Nanyi mkiwasimulia watoto, msiogope kunyamaza mahali kama hapo.

Mtu mmoja ataniuliza, "Na sisi tusio na shilingi ishirini za kumpa mtoto?" Swali hilo ni la haki. Kuna nyumba ambamo kila shilingi ni ya unga. Lakini uchaguzi si wa pesa peke yake. Kuku akitaga, mpe mtoto yai moja liwe lake. Mwambie achague: tulipike leo, au tumwachie kuku alilalie? Akichagua kungoja, ahesabu siku 21 kwa kuchora mistari ya mkaa ukutani. Huenda atapata kifaranga. Huenda pia yai likaharibika, naye ajifunze kwamba si kila kungoja kuna faida, na bado twamtumaini Mungu. Mwingine mpe mstari mmoja wa sukuma wiki shambani, auangalie yeye, na achague majani yapi yaliwe na yapi apelekewe jirani mgonjwa.

Jambo lingine ni kusema kweli. Mtoto akitaka kitu, twazoea kumwambia, "Sina pesa," hali tunazo. Kisha atuona jioni tunalipa nauli, aona kwamba tumesema uongo. Mwambie ilivyo: "Pesa ninazo, lakini hizi ni za karo ya dada yako. Tumekwisha kuchagua." Mtoto ataelewa kwamba wewe pia unasimama njia panda kila siku, na kwamba baba na mama nao huacha kitu ili wapate kingine. Samaki mkunje angali mbichi, lakini mkono unaomkunja uwe safi.

Tena muwe na mchezo huu mdogo. Zichukue sarafu mpya zilizotolewa mwaka wa 2018. Shilingi moja ina twiga, shilingi tano ina kifaru, shilingi kumi ina simba, na shilingi ishirini ina ndovu. Mpe mtoto moja umwulize, "Simba huyu leo atakwenda wapi? Ataliwa dukani, atalala katika mkebe wa akiba, au atakwenda kanisani?" Mtoto atatunga hadithi yake mwenyewe, na katika hadithi hiyo utaujua moyo wake.

Na akiuliza kwa nini sarafu hizi zina wanyama wala si watu, mwambie kwamba Katiba yetu ya mwaka wa 2010 yakataza kutia picha ya mtu yeyote kwenye pesa. Kisha mkumbushe jinsi Bwana Yesu alivyoletewa dinari, akauliza sura iliyo juu yake ni ya nani, wakamwambia ni ya Kaisari. Umwambie, "Mwanangu, sarafu hii ina sura ya simba. Lakini wewe umeumbwa kwa mfano wa Mungu. Sarafu itakutumikia wewe, na wewe utamtumikia Mungu. Usikubali mambo hayo yageuzwe."

Wapenzi wasikilizaji, wakati wetu umekwisha. Juma hili fanyeni jambo moja tu. Chagueni jioni moja, mzime simu zenu, mkae na watoto, mwasimulie hadithi moja kati ya hizi tatu. Mkifika njia panda, nyamazeni, mwaache wao waseme. Walimu wa Shule ya Jumapili, fanyeni hivyo hivyo darasani. Msiharakishe kutoa jibu.

Na tuombe.

Ee Baba yetu wa mbinguni, wewe uliyetupa uhuru wa kuchagua na usiyechoka kuitazama njia tunapopotea, twakushukuru kwa watoto uliotukabidhi. Tusamehe kwa mara tulizowapa pesa bila kuwapa mafundisho, na kwa mara tulizowapa maneno makali bila hadithi. Wabariki wazazi ambao leo hawajui watapata wapi chakula cha jioni. Warudishe vijana walionaswa na kamari na madeni, na utufanye sisi tuwe tayari kuwakimbilia. Mikono midogo ya watoto wetu uifundishe kushika, kungoja na kutoa. Twaomba haya katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mungu awabariki nyote. Kwaherini, mpaka tutakapokutana tena.